Droni ya uhifadhi inaposumbua: kutoka dalili hadi chanzo

Droni ikianguka porini, kila aliyekuwepo huwa na maelezo yake. Rubani atalaumu upepo. Fundi atalaumu betri. Askari wa wanyamapori ataapa kwamba aliona mwewe akiipitia karibu. Wakati huo wote bodi, yaani kompyuta ndogo inayoiongoza droni, ilikuwa inaandika: volti, mtetemo, idadi ya setilaiti, ndege imeinamia wapi na kwa kiasi gani, mara nyingi kwa kila sekunde, mpaka ilipogusa ardhi. Kwa hiyo bisibisi ibaki mfukoni kwanza. Chomoa kadi ya kumbukumbu, nakili logi, yaani hiyo rekodi ya safari, kwenye kompyuta, ndipo uanze kupima nani alikuwa anasema kweli.

Haya yanamhusu anayeunda droni mwenyewe, kwa bodi inayoendeshwa na programu ya ArduPilot au PX4, iwe ya mota nne au ya mabawa. Njia hii ilifunguliwa kwa wengi wetu mwaka 2012, wanasayansi wa uhifadhi Lian Pin Koh na Serge Wich walipochukua kindege cha povu, wakakifunga bodi ya ArduPilot na kamera ya kawaida, wakakirusha juu ya msitu wa Sumatra kutafuta viota vya orangutan. Uzuri wa droni ya kujiundia ni kwamba kila kipande unaweza kukibadilisha. Ubaya wake ni kwamba kila kipande kinaweza kuwa ndicho chenye kosa.

Basi badilisha kitu kimoja, rusha, soma logi, halafu ndipo ushike kingine. Ukibadilisha propela, ukahamisha GPS na kupakia programu mpya kwa mkupuo mmoja, droni ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi, na ikiugua tena utaanza moja.

Inapinduka kabla haijainuka

Hili halina siri. Ama propela imekaa kwenye mota isiyo yake, ama mota zimechomekwa kwenye namba zisizo zake, ama bodi imefungwa ikitazama upande tofauti na ulioandikwa kwenye mipangilio. Toa propela zote. Washa mota moja moja kwa kipengele cha kujaribu mota cha Mission Planner, programu ya kompyuta ya kupangia droni, hakikisha inayozunguka ndiyo uliyoiita na inazunguka upande unaotakiwa. Kisha ishike droni mkononi, iinamishe mbele, uone kama skrini nayo inaonyesha imeinama mbele. Ni kazi ya dakika tano. Usirudie kuirusha kwa matumaini kwamba safari hii itakubali. Haitakubali, na propela zitaisha.

Inachora duara angani badala ya kutulia

Umeachia vijiti na kuiamuru ikae palepale. Inakaa sekunde chache, halafu inaanza kuzunguka, duara dogo kwanza, kisha kubwa zaidi, kama mwewe aliyeona kifaranga. Wengi hukimbilia GPS. Mimi huanza na dira.

Fikiria hivi. GPS inaiambia bodi: umesukumwa mita moja mashariki, rudi magharibi. Bodi inaiuliza dira: pua yangu inatazama wapi? Dira ikikosea kwa nyuzi 40, droni inasukumwa pembeni badala ya kurudi. GPS inasema tena umekosea, bodi inasahihisha tena kwa kosa lilelile, na duara linazaliwa. GPS ilisema kweli muda wote.

Dira hupotoshwa na mambo machache, na waya za umeme ndizo za kwanza. Mkondo mkubwa unaokwenda kwenye mota hutengeneza uga wa sumaku, na uga huo hukua kadiri unavyovuta nguvu. Ndiyo maana droni hutulia vizuri ikiwa chini na kuanza ulevi inapopanda kwa kasi. Kwenye logi, chora nguvu ya uga wa dira na mkondo wa betri kwenye grafu moja. Mistari ikipanda na kushuka pamoja, umempata mwizi. ArduPilot ina kipimo chake, CompassMot, kinachotoa jibu kwa asilimia: chini ya 30 endelea na kazi, juu ya 60 usirushe. Tiba ni umbali. Inua dira juu ya mlingoti mfupi, na waya chanya na hasi zisokote pamoja, maana zikisokotwa uga wa mmoja hufuta wa mwenzake.

Jambo la pili ni mahali unaposawazishia. Watu husawazisha dira juu ya boneti ya gari, juu ya sakafu ya zege yenye nondo, au simu ikiwa kwenye mfuko wa shati sentimita kumi kutoka kwenye ndege. Nenda uwanja wa majani, simu uiache mbali.

La tatu lilinigharimu wiki mbili. Nilikuwa na droni ambayo mezani dira yake ilikuwa safi, uwanjani nikiipima ilikuwa safi, angani ikawa kichaa. Nilibadilisha moduli ya GPS. Nilisuka waya upya. Nilipakia programu upya. Siku moja nimekaa nayo chini, kebo imechomekwa, mfuniko wa betri nimeushika mkononi bila kuufikiria, nikaona namba za dira kwenye skrini zinacheza kila ninapousogeza mkono. Mfuniko ulikuwa unashikiliwa na sumaku mbili ndogo za ukubwa wa kidonge. Na kila nilipopima nilikuwa nimeufungua, ili nipate nafasi ya kuchomeka kebo. Tangu siku hiyo mifuniko yangu inafungwa kwa raba, na nasawazisha droni ikiwa imevaa kila kitu itakachoruka nacho.

Inapaa yenyewe, au video inacheza kama mawimbi

Kijiti kiko katikati, droni inapaa. Unakishusha, inazidi kupaa. Kihisi cha mchapuko kimetikiswa mpaka bodi inaamini inaanguka, nayo inajiokoa kwa kuongeza nguvu. Fungua kipengele cha VIBE, kinachorekodi mtetemo, kwenye logi. Chini ya 30 m/s² hali ni nzuri. Juu ya 60 droni hiyo haifai kuruka, na vihesabio vya Clip, vinavyohesabu kila mara kihisi kinapozidiwa, vikiwa vinapanda mfululizo usitafute ushahidi mwingine.

Chanzo mara nyingi ni propela. Pitisha ukucha taratibu kwenye ukingo wake, utakamata ufa ambao jicho limeuruka. Kisha zungusha kila mota kwa kidole ukiwa umeisogeza sikioni: beringi yenye mchanga husaga, nzima hunyamaza. Angalia pia mkono wa fremu uliolegea. Na kuna kosa ambalo hata mafundi wazoefu hulipita, nalo ni waya mgumu uliolazwa juu ya bodi. Umeifunga bodi kwa sponji ili isitikisike, halafu ukaipelekea mtetemo wote kupitia waya.

Video inayocheza huwa na chanzo hichohicho. Kamera nyingi husoma picha mstari kwa mstari, si yote kwa mpigo, kwa hiyo kila mtikisiko unaandikwa mahali tofauti kwenye picha na mti ulionyooka unatoka umepinda kama nyoka. Kabla ya kununua kishikizo cha kutuliza kamera, sawazisha propela.

Dakika za kuruka zimepungua

Swali la kwanza: zimepungua kwa betri ileile, mzigo uleule, mahali palepale? Kama sivyo, pengine hakuna kilichoharibika. Droni ya mota nne ikiongezewa uzito kwa asilimia 10, nguvu ya kuelea hupanda kwa karibu asilimia 15, kwa sababu nguvu haifuati uzito mstari kwa mstari bali hupanda haraka kuliko uzito. Ongeza na hewa. Kwenye mwinuko wa mita 1,500, joto likiwa nyuzi 35, hewa ina takriban asilimia 78 ya uzito iliyo nao usawa wa bahari katika hali ya kawaida, na hilo peke yake linadai nguvu zaidi kwa karibu asilimia 13. Zidisha hayo mawili: dakika 30 ulizozipima ukiwa usawa wa bahari bila kamera ya joto zinakuwa kama 23. Ndege nzima, betri nzima, mpango tu ndio ulikuwa wa mahali pengine.

Ila kama kila kitu ni kilekile na dakika zinayeyuka, pima seli moja moja. Pakiti ya seli nne ikionyesha volti 14.8 inaonekana iko sawa, kumbe tatu ziko 3.8 na moja imechoka iko 3.4. Hiyo moja ndiyo itakayoiangusha ndege mota zikidai nguvu ghafla. Baada ya kutua, gusa jeki ya betri. Ikiwa ya moto kuliko waya zenyewe, umeme unapotelea hapo, aghalabu kwa sababu ya lehemu iliyoshikwa na baridi kabla haijaenea vizuri. Ilehemu upya.

Betri za LiPo (lithiamu-polima, zile bapa) hufa zaidi kwa kutunzwa vibaya kuliko kwa kurushwa. Zisilale zimejaa. Zishushe mpaka karibu volti 3.8 kwa seli kama huna safari kesho, na zisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Iliyovimba usiichaji na usiitoboe.

Kisa kingine hufanana na hiki lakini si hiki: droni inakatisha kazi na kurudi wakati betri bado ina chaji tele. Mara nyingi mwenyewe amehamia seli za Li-ion, zile za mviringo, kwa kuwa hubeba nishati nyingi zaidi kwa uzito uleule, akasahau kubadilisha mipaka ya usalama. LiPo ikishuka chini ya volti 3.5 inakuaga. Li-ion kwenye volti hiyo bado ina kazi nyingi na inaweza kushuka mpaka karibu 3.0. Bodi yenye mipaka ya LiPo itapiga kengele kabla ya safari kunoga. Weka mipaka mipya, na ulinganishe volti inayosomwa na bodi na ile ya multimita, maana kihisi cha umeme kisichosawazishwa nacho hudanganya. Kumbuka tu kwamba Li-ion hazipendi kukamuliwa kwa ghafla. Zinaifaa ndege ya mabawa inayokwenda polepole kuliko droni nzito inayopambana na upepo.

Imeamriwa kurudi, ikarudi kupitia kwenye miti

Hili ndilo kosa linaloniuma zaidi kuliona, kwa sababu droni ilitii kila neno. Kwenye ArduPilot ya mota nne, urefu wa kurudi nyumbani usipoubadilisha ni mita 15. Uwanjani kwa mazoezi unatosha. Msituni, ambako miti mikubwa hupita mita 40, ni amri ya kujigonga. Halafu kuna mtego ndani ya mtego: kigezo chenyewe, RTL_ALT, katika matoleo mengi kinapimwa kwa sentimita. Mtu anaandika 60 akidhani ameweka mita 60, naye ameweka sentimita 60. Andika 6000, kisha ijaribu mahali peupe, uione kwa macho yako ikipanda kwanza ndipo irudi.

La pili ni ardhi yenyewe. Urefu unaouona kwenye skrini huhesabiwa kutoka pale uliporushia. Ukirushia bondeni na kuipeleka mita 100 juu ya kilima chenye mita 80, iko mita 20 tu juu ya udongo, na mti wa mita 25 hauhesabu kama wewe. Bodi inaweza kufuata umbo la ardhi kwa kutumia ramani za mwinuko, lakini nyingi zimetokana na vipimo vya SRTM, vya rada kutoka angani, vya Februari 2000, kwa vipande vya mita 30 au zaidi, na miti imo nusunusu: mahali fulani ramani imeshika vilele, mahali fulani imeshika katikati ya matawi. Acha akiba kubwa ya urefu. Ukiweza, rushia sehemu ya juu kabisa ya eneo. Hilo litakusaidia na mawasiliano pia.

Ikirudi salama lakini ikatua kichakani mita 20 kutoka kwako, ilirekodi nyumbani kabla GPS haijatulia. Subiri HDOP, kipimo cha uhakika wa GPS ambacho kikiwa kidogo ndiyo vizuri, ishuke chini ya 1.4 ndipo uwashe mota. Na kwa wanaorusha kutoka kwenye boti: nyumbani ni pale boti ilipokuwa, si ilipo sasa. Sogeza alama hiyo kila mara, la sivyo droni itatua majini kwa utiifu mkubwa.

Mawasiliano yanakatika njiani

Angalia kwanza antena zinatazama wapi. Antena ya fimbo haitoi mawimbi kwenye ncha yake, hutoa ubavuni. Kuielekeza ncha kwenye droni kama unayenyooshea kidole ni kuipa sehemu dhaifu kuliko zote. Antena ya juu ikiwa wima na ya chini imelala, unapoteza sehemu kubwa ya ishara bila kitu chochote kuvunjika. Na antena iliyolazwa juu ya fremu ya nyuzi za kaboni imefunikwa, kwa sababu kaboni huzuia mawimbi.

Kisha kuna jambo la nafasi. Kuiona droni kwa macho hakutoshi, mawimbi yanahitaji upana. Kwa redio ya megahezi 915 na umbali wa kilomita 5, eneo linalotakiwa kuwa wazi lina nusu kipenyo cha kama mita 20 katikati ya njia. Mstari unaopita juu kidogo ya vilele vya miti kwa hiyo tayari umekatwa nusu. Pandisha antena ya chini kwenye mlingoti. Mita sita za bomba hufanya kazi ambayo kuongeza nguvu ya redio hakuifanyi. Masafa ya chini hupenya majani vizuri kuliko gigahezi 2.4, ila angalia ni masafa gani yameruhusiwa unaporushia, maana 868 na 915 hazikubaliki kila mahali.

Setilaiti zinapotea kamera ikiwashwa

Mezani setilaiti 16. Ukiwasha kamera au kompyuta ndogo ya ndani, zinabaki saba. Ishara ya GPS inapofika ardhini ni dhaifu kuliko kelele za kawaida za umeme, na kipokezi huifukua humo kwa hesabu tu. Kebo ya USB 3 isiyofunikwa vizuri, ikipita sentimita tatu kutoka kwenye antena, inatosha kuizika tena. Zima kila kifaa, washa kimoja kimoja, andika idadi ya setilaiti kila mara. Ukishampata mkosaji, mtenge, funika kebo kwa tepe ya shaba iliyounganishwa na ardhi ya umeme, au rudi USB 2 kama data inaruhusu.

Kompyuta ndogo hizo zina ugonjwa wao pia. Raspberry Pi ikianza upya angani, mara nyingi si programu, ni umeme. Volti zikishuka chini ya 4.63 hulalamika, na ikifika nyuzi 80 za joto hupunguza mwendo. Ipe kipunguza volti chake yenyewe, isigombee umeme na servo, zile mota ndogo za usukani.

Ndege ya mabawa inapiga mbizi au inasusa kupanda

Pima kitovu cha uzito kwanza. Kiwe karibu robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, au nyuma yake kidogo. Kamera mpya ikisogeza uzito nyuma, ndege inakuwa haitabiriki. Halafu chungulia mrija wa kupimia kasi ya hewa. Nyigu wajengao kwa matope wanaupenda sana, na usiku mmoja tu bila kifuniko unaweza kuwatosha. Mrija ulioziba hufanya bodi iamini ndege iko polepole au kasi kupita ukweli, nayo itarekebisha kosa ambalo halipo.

Picha hazifai ingawa safari ilikuwa safi

Ukungu wa mwendo unahesabika. Kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde na kamera ikifunguka kwa 1/250 ya sekunde, ardhi inasogea sentimita 6 ndani ya picha moja. Kama kila nukta ya picha ni sentimita 2, kila mnyama amepakwa kwenye nukta tatu. Nenda 1/1000 na usogeo unakuwa sentimita 1.5. Picha zikiwa giza, ruka polepole au subiri jua, usirudishe muda wa kufunguka.

Ukiweka picha kwenye ramani na kundi la nyumbu likatokea katikati ya ziwa, angalia saa. Kamera ikichelewa sekunde moja, kwa mwendo huohuo umekosea mita 15. Lakini kosa likiwa karibu mita 270, na linabadilika upande kila ndege inapogeuka, nitakisia bila kuona logi: mtu amechanganya saa ya GPS na saa ya kawaida ya dunia. Zinatofautiana sekunde 18 tangu mwaka 2017, na 18 mara 15 ni 270.

Kamera ya joto ina maswali yake. Haioni kitu mchana? Mawe, vichuguu na mchanga vimeshapata joto la mnyama au kulipita, tofauti imekufa. Ruka kabla ya alfajiri, ardhi ikiwa imepoa usiku kucha. Picha nzima ina rangi moja? Pengine umeifunika kwa kioo cha kuikinga na vumbi, na kioo cha kawaida hakipitishi mawimbi ya joto, kwake ni ukuta. Picha inaganda kidogo kila baada ya muda na unasikia mlio wa “tik”? Hiyo inajisawazisha, iache, na uipe dakika kumi hivi ipate moto kabla ya kuanza kuhesabu. Wanyama chini ya miti hawaonekani? Kamera ya joto haipenyezi majani. Inamwona mnyama pale tu jicho nalo lingepata upenyo.

Na pima ukubwa wa nukta kabla ya kuruka. Kamera yenye nukta za maikromita 12 na lenzi ya milimita 13, ikiwa mita 100 juu, kila nukta ni sentimita 9 za ardhi. Swala wa mita moja ni nukta 11. Sungura ni nukta tatu, na nukta tatu zinaweza kuwa jiwe.

Programu ya kutambua wanyama inahesabu vichaka

Uliza ilifundishwa kwa picha gani. Iliyozoea kuona tembo kwa ubavu haijui mgongo wa tembo. Hilo hujulikana. Linalosahaulika ni kwamba programu nyingi hupunguza picha kabla ya kuitazama. Picha ya upana wa nukta 4,000 ikipunguzwa kuwa 640, mnyama wa nukta 30 anabaki na tano, na hakuna hesabu duniani itakayomrudisha. Ikate picha vipande vipande vinavyopishana, kila kipande kikaguliwe kwa ukubwa wake kamili, kisha uondoe waliohesabiwa mara mbili kwenye mipaka. Kwa picha za joto, wanafizikia wa anga wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores walisaidia kwa hila nzuri: walichukua programu za kutafuta nyota na galaksi wakazielekeza kwa wanyama, kwani mwili wenye joto juu ya ardhi baridi hauna tofauti kubwa na nuru kwenye giza.

Kundi linalotembea nalo hujihesabisha mara mbili, wanyama wakivuka kutoka mstari uliopigwa kwenda ule unaofuata. Panga mistari ianzie kule wanakoelekea.

Wanyama wanakimbia, au hawakimbii

Droni isiyo na kosa lolote kwenye logi lakini inatimua kundi ni mbovu kama ile iliyoanguka. Na usidanganywe na utulivu. Huko Minnesota, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, dubu waliofungwa vipima moyo mara nyingi hata hawakuhama droni ilipowapitia. Moyo wa mmoja wao ulikuwa umeruka kutoka mapigo 41 hadi 162 kwa dakika.

Upande wa kujia una uzito kuliko rangi ya ndege. Majaribio ya mwaka huohuo nchini Ufaransa kwa bata, flamingo na ndege wengine wa majini yalionyesha kwamba waliitikia zaidi droni ilipowashukia wima kutoka juu. Kushuka hivyo ndivyo mwindaji wa angani anavyofanya. Jia kwa pembe ya chini, ukianzia mbali, na usishuke juu ya kundi ili “upate picha moja nzuri”. Tembo ni mlio unaowakera. Unafanana sana na wa nyuki, mpaka kwenye mipaka ya hifadhi za Tanzania droni zimetumika makusudi kuwaondoa mashambani. Kama kazi yako ni kuwahesabu, chombo hichohicho kinakuharibia hesabu. Propela kubwa zinazozunguka polepole hupunguza mlio, na kurushia mbali, upepo ukitoka kwa wanyama kuja kwako, hupunguza zaidi.

Kwenye makoloni ya ndege wanaotaga, usirushe droni ambayo bado unaitafutia ugonjwa. Mwaka 2021, katika hifadhi ya Bolsa Chica huko California, droni moja iliyoanguka kwenye eneo la mazalia iliwafanya ndege aina ya tern kuacha mayai zaidi ya 1,500, na hawakuyarudia. Jaribio la baada ya matengenezo lifanyike juu ya uwanja mtupu, kwa uzito kamili na betri mbili mfululizo. Ukienda kwa wanyama, mpe mtu mmoja darubini na daftari. Kazi yake si kuangalia droni. Aandike ilikuwa urefu gani na umbali gani mnyama wa kwanza alipoinua kichwa, na urefu huo uwe mpaka wako wa chini kwa safari inayofuata.